Kubana matumizi ya mafuta ya gari

Kubana matumizi ya mafuta ya gari ni jumla ya mbinu zinazomwezesha dereva kusafiri umbali uleule kwa petroli au dizeli kidogo zaidi, bila kulazimika kununua gari jingine. Mbinu hizo ni za aina mbili: zile zinazohusu uendeshaji, kama vile kuongeza mwendo taratibu na kuepuka breki zisizo za lazima, na zile zinazohusu matengenezo, kama vile kuangalia upepo wa matairi na kutumia oili inayofaa. Kwa gari lisilo na hitilafu, uendeshaji huleta tofauti kubwa kuliko matengenezo.

Katika Afrika ya Mashariki suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu mafuta ya magari huagizwa kutoka nje. Kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu hapo Kenya, kama Tanzania na Uganda, hununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Nchini Tanzania mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Nchini Kenya mamlaka ya EPRA hutangaza bei tarehe 14. Dereva hana uwezo wa kubadilisha bei hizo. Anachoweza kubadilisha ni idadi ya lita anazochoma.

Madereva wengi wa daladala, teksi na bodaboda humpa mwenye chombo hesabu ya siku, kisha hununua mafuta kwa fedha za nauli. Kinachobaki ndicho kipato chao. Hivyo kila lita inayookolewa huingia moja kwa moja mfukoni mwa dereva, na kila lita inayopotea hutoka humohumo.

## Mafuta yanapotelea wapi

Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Katika gari la kawaida la petroli, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka kuwa joto na kutoka kupitia rejeta na bomba la moshi. Takriban robo tu, na mara nyingi chini ya hapo, ndiyo hufika kwenye magurudumu.

Nishati inayofika kwenye magurudumu hutumika kwa kazi tatu:

* kusukuma hewa iliyo mbele ya gari;
* kushinda ukinzani wa matairi yanapobingirika barabarani;
* kuliongezea gari mwendo.

Nishati inayotumika kuongeza mwendo haipotei mara moja. Hubaki ndani ya gari kama nishati ya mwendo, na gari linaweza kuendelea kusogea kwa nishati hiyo hata dereva akiacha kukanyaga mafuta. Hupotea anapokanyaga breki: hapo hugeuka kuwa joto kwenye diski na ngoma za breki, wala hairudi tena.

Kiasi hicho kinaweza kukadiriwa. Gari dogo lenye uzito wa kilogramu 1,200 likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kilojuli 116 hivi. Ili kuipata, injini huchoma takriban mililita 14 za petroli, yaani karibu kijiko kimoja cha chakula. Kila mara dereva anapolisimamisha gari hilo kwa breki kutoka mwendo huo, ni kama amemwaga kijiko hicho barabarani. Akifanya hivyo mara 100 kwa siku katikati ya mji, amepoteza karibu lita moja na nusu. Kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa hupoteza vijiko vinne, si viwili.

## Kupima matumizi

Geji ya mafuta haitoshi kupima matumizi, kwa kuwa mshale wake hauonyeshi lita kamili. Njia ya kuaminika ni ya tangi kujaa. Dereva hujaza tangi hadi pampu ijizime yenyewe, kisha huandika kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Baada ya siku kadhaa hujaza tena kwa namna ileile, ikiwezekana kwenye pampu ileile, na kugawanya kilomita alizosafiri kwa lita zilizoingia. Gari lililokwenda kilomita 420 na kupokea lita 35 hutumia lita moja kwa kila kilomita 12. Vipimo vitatu au vinne mfululizo hutoa wastani mzuri, kwani safari moja inaweza kuwa na foleni au mizigo isiyo ya kawaida.

Kipimo cha kilomita kwa lita kina kasoro moja inayopotosha. Gari kubwa linalotoka kilomita 5 hadi 6 kwa lita huokoa lita 3.3 katika kila kilomita 100. Gari dogo linalotoka kilomita 15 hadi 18 kwa lita huokoa lita 1.1 tu katika umbali huohuo, ingawa linaonekana kupiga hatua kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo nchi nyingi za Ulaya huhesabu lita kwa kilomita 100. Kwa mwenye magari kadhaa, funzo lake ni kwamba juhudi zianzie kwenye gari linalokunywa zaidi.

## Uendeshaji

### Kutazama mbele

Mbinu yenye faida kubwa kuliko zote ni kutazama mbali na kuacha kukanyaga mafuta mapema. Dereva anayeona taa nyekundu, tuta au foleni mita 200 mbele na kuondoa mguu wakati huohuo hufika pale kwa nishati aliyokwisha kuilipia. Anayeendelea kukanyaga mafuta hadi karibu kisha akashika breki hufika sekunde chache tu mapema, na mara nyingi wote wawili huondoka pamoja taa inapobadilika. Kuacha nafasi ya kutosha nyuma ya gari la mbele husaidia pia, kwa sababu dereva halazimiki kuiga kila breki ya mwenzake.

Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, uendeshaji wa pupa, yaani kukimbiza gari, kuondoka kwa nguvu na kufunga breki ghafla, unaweza kupunguza umbali unaopatikana kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na kwa asilimia 10 hadi 40 katika msongamano wa mjini.

### Mwendo

Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari likitoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya hewa inayolipinga huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa magari mengi, matumizi huanza kupanda haraka baada ya kilomita 80 kwa saa. Kwa upande wa muda, safari ya kilomita 100 huchukua dakika 75 kwa mwendo wa 80 na dakika 60 kwa mwendo wa 100, iwapo barabara ni nyeupe njia nzima. Palipo na vijiji, matuta na mizani, tofauti hiyo hupungua.

### Gia

Katika gari la gia za mkono, injini hutumia mafuta kidogo ikizunguka polepole. Kwa injini nyingi za petroli inafaa kupandisha gia kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika. Hata hivyo injini isilazimishwe kuvuta mlima kwa gia kubwa hadi itetemeke, kwani hiyo huiumiza. Katika gari la gia za kujiendesha, kukanyaga mafuta kwa utulivu huruhusu gia kupanda mapema. Magari mengi ya Kijapani yanayoingizwa yakiwa yametumika yana taa ndogo ya kijani yenye neno ECO, ambayo huwaka dereva anapoendesha kwa upole.

### Injini kuunguruma bila safari

Injini inayounguruma gari likiwa limesimama huchoma kati ya nusu lita na lita mbili kwa saa, kulingana na ukubwa wake na kama kiyoyozi kimewashwa. Gari linalochoma lita moja kwa saa, likikaa hivyo saa moja kila siku kwa siku 26, hutumia lita 26 bila kusogea. Injini ya kisasa yenye nozeli za kielektroniki hutumia mafuta machache kuwashwa upya kuliko ikiachwa kuunguruma kwa zaidi ya sekunde 10 hivi. Kuzima injini hufaa mahali ambapo gari litasimama kwa muda unaojulikana, kama vile kituoni, kivukoni au unapomngoja abiria, si katika foleni inayosogea kila mara.

Vilevile si lazima kuipasha moto injini ya kisasa kwa dakika nyingi asubuhi. Hupata joto haraka zaidi likiendeshwa taratibu kwa kilomita za kwanza. Kwa injini za dizeli zenye tabo ni vizuri kuziacha ziungurume kidogo kabla ya kuzima baada ya safari nzito, ili tabo ipoe.

### Kiyoyozi, mizigo na keria

Kiyoyozi huendeshwa kwa nguvu ya injini. Katika mwendo mdogo wa mjini kufungua vioo ni nafuu; katika mwendo mkubwa vioo vilivyo wazi huongeza ukinzani wa hewa, hivyo ni afadhali kuvifunga na kutumia kiyoyozi. Gari lililoegeshwa juani lifunguliwe milango kwanza ili hewa ya moto itoke kabla ya kuwasha kiyoyozi.

Kila kilogramu 45 za ziada hupunguza ufanisi wa gari kwa takriban asilimia 1, na gari dogo huathirika zaidi kuliko kubwa. Sanduku kubwa lililofungwa juu ya keria hugharimu zaidi kwa sababu hukamata upepo: asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Keria isiyotumika ni bora ifunguliwe.

## Matengenezo

### Matairi

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi linapobingirika, na nishati hupotea kama joto ndani ya mpira. Kila paundi moja inayopungua katika matairi yote manne hupunguza ufanisi kwa takriban asilimia 0.2. Kiasi hicho ni kidogo, lakini upepo mdogo huleta madhara mengine: tairi huisha kingo, na likipata joto kali kwenye safari ndefu linaweza kupasuka. Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huonyesha kilopaskali. 230 ni sawa na paundi 33 hivi. Namba iliyo ubavuni mwa tairi si kiwango cha kujazia, bali ni kikomo cha tairi lenyewe. Upepo hupimwa matairi yakiwa baridi.

### Oili

Mtengenezaji huchagua uzito wa oili kulingana na nafasi zilizopo kati ya vyuma vya injini. Kutumia oili ya daraja lililopendekezwa huboresha matumizi kwa asilimia 1 hadi 2. Desturi ya kuweka oili nzito kama 20W-50 katika injini iliyoundwa kwa 0W-20 au 5W-30 huongeza msuguano, na oili hiyo huchelewa kufika kwenye vyuma vya juu injini inapowashwa asubuhi.

### Chujio la hewa, plagi na sensa

Inasemwa mara nyingi kwamba chujio chafu la hewa hunywesha gari mafuta. Hilo ni kweli kwa magari ya zamani yenye kabureta. Katika magari yenye nozeli za kielektroniki, kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta kwa kiasi kinacholingana; utafiti wa maabara ya Oak Ridge nchini Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba chujio chafu hupunguza nguvu za gari, si kilomita kwa lita. Chujio hubadilishwa hata hivyo, hasa kwenye barabara za vumbi, ili kuilinda injini.

Plagi zilizochakaa husababisha injini kukosa moto na kutoa mafuta yasiyoungua. Hitilafu iliyo mbaya zaidi ni ya sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi: ikiharibika, kompyuta huweza kumwaga mafuta kupita kiasi, na marekebisho yake yamewahi kuboresha ufanisi kwa hadi asilimia 40. Kwa hiyo taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi isipuuzwe kwa sababu tu gari bado linatembea.

### Themostati

Themostati ni vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la nyuzi 80 hadi 90 za selsiasi. Mafundi wengine huiondoa kabisa gari linapochemsha, wakidhani nchi za joto haziihitaji. Bila themostati injini huchelewa kupata joto lake la kazi, na kompyuta, ikisoma maji ya baridi, huendelea kuongeza mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Gari linalochemsha linahitaji kutafutiwa chanzo: rejeta iliyoziba, feni isiyofanya kazi, maji yanayovuja au themostati yenyewe iliyokwama, ambayo hubadilishwa kwa nyingine.

### Breki na mpangilio wa magurudumu

Breki inayokwama hulivuta gari nyuma safari nzima. Dalili zake ni rimu moja kuwa na joto kuliko nyingine baada ya safari, harufu ya kuungua, au gari kutobingirika kwa urahisi kwenye sehemu tambarare. Magurudumu yasiyonyooka huburuta matairi kwa upande. Dalili yake ni usukani kuvuta upande mmoja au tairi kulika upande mmoja.

## Hatari ya kuteremka kwa gia huru

Madereva wengi huamini kwamba kuweka gia huru, au hata kuzima injini, kwenye mteremko huokoa mafuta. Kwa magari ya kisasa imani hiyo si sahihi. Gari likiteremka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hufunga nozeli kabisa: mafuta yanayotumika ni sifuri. Katika gia huru injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike.

Jambo zito zaidi ni usalama. Katika gia huru injini haisaidii kulizuia gari, hivyo kazi yote hubaki kwa breki. Kwenye mteremko mrefu breki za lori lenye mzigo hupata joto hadi zikaacha kushika, na dereva anaweza kushindwa kurudisha gia kwa sababu mwendo umeshakuwa mkubwa. Injini ikizimwa, usukani huwa mzito na msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Nchini Kenya, ajali nyingi katika eneo la Salgaa kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret zimehusishwa na malori yaliyokuwa yakiteremka kwa gia huru. Miteremko kama Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida, nchini Tanzania, inadai tahadhari ileile: dereva hushusha gia kabla ya kuanza kuteremka, na huacha injini imsaidie kuzuia mwendo.

## Imani nyingine zisizo sahihi

* *Vifaa vya kupunguza mafuta.* Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vifaa vingine vya aina hiyo huuzwa kwa ahadi kubwa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo bila kupata kinachoboresha matumizi kwa kiasi kikubwa.
* *Petroli ya oktani ya juu.* Oktani huonyesha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo, si wingi wa nishati. Injini isiyoihitaji haifaidiki nayo.
* *Kujaza alfajiri.* Inadhaniwa kwamba mafuta baridi huwa mengi zaidi ndani ya lita. Lakini matangi ya vituo huwa chini ya ardhi, ambako joto hubadilika kidogo sana kati ya asubuhi na mchana.
* *Kuchanganya mafuta ya taa.* Dizeli au petroli iliyochakachuliwa huharibu pampu, nozeli na plagi, na matengenezo yake hugharimu kuliko fedha zilizookolewa.

## Historia

Mashindano ya kubana mafuta yalianza mwaka 1939 katika maabara ya kampuni ya Shell jimboni Illinois, Marekani, ambako wanasayansi walishindana nani ataenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha petroli. Mshindi alifikia kilomita 21 hivi kwa lita. Mashindano hayo yalikua na kuwa Shell Eco-marathon, ambayo hushirikisha wanafunzi wa nchi nyingi.

Suala hilo likawa la mataifa mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta kwenda Marekani na baadhi ya nchi nyingine wakati wa vita vya Mashariki ya Kati. Katika miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilipiga marufuku kuendesha magari siku za Jumapili kwa muda, na mwaka 1974 Marekani iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55, yaani kilomita 89 kwa saa, kilichodumu hadi 1995. Tanzania nayo, katika miaka ya uhaba wa mafuta, ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia mchana.

Mwaka 1997 Toyota ilianza kuuza Prius, gari mseto ambalo hukusanya sehemu ya nishati ya breki na kuihifadhi katika betri. Magari ya umeme hufanya vivyo hivyo. Hata hivyo nishati yote haiwezi kurudi, hivyo dereva wa gari la namna hiyo naye hufaidika kwa kutazama mbele.

## Faida kwa ujumla

Teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku, ikitumia lita moja kwa kilomita 10, huhitaji lita 15. Ikifikia kilomita 11.5 kwa lita, huhitaji lita 13 hivi. Kwa siku 26 za kazi, tofauti hiyo ni karibu lita 51 kwa mwezi.

Kila lita ya petroli inayochomwa hutoa kilogramu 2.3 hivi za dioksidi kabonia, na lita ya dizeli hutoa 2.7 hivi. Uendeshaji wa utulivu hupunguza gesi hiyo, huongeza maisha ya breki na matairi, na huwapa waenda kwa miguu muda zaidi wa kuonekana. Mipaka yake ni usalama: mwendo mdogo mno kwenye barabara kuu, kulifuata lori kwa karibu ili kukwepa upepo, au kuogopa kushika breki pale inapohitajika si kubana mafuta, bali ni kujitafutia ajali.

## Tazama pia

* Injini
* Petroli
* Dizeli
* Gari mseto
* Usalama barabarani